Saa Sita za Mwalimu Eunike

Sasa ni saa ngapi? Simu zenu zinaonyesha 2:00, lakini kila mmoja hapa msibani atanijibu saa nane. Katika pengo hilo la saa sita ndimo dada yangu alimofanyia kazi yake ya mwisho.

Eunike Aminiel Kaaya alizaliwa Poli, Meru, tarehe 14 Machi 1988, mtoto wa kwanza wa Mzee Aminiel na Mama Aika. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, sekondari Usa River, na mwaka 2012 akapata shahada ya ualimu. Alifundisha hisabati na kompyuta katika chuo kimoja cha Sakina. Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa na Philemoni Nnko.

Mwaka 2021 chuo kilihamishia kazi za wanafunzi kwenye jukwaa huria la kujifunzia mtandaoni, ambalo yeyote anaweza kuliboresha. Mwanafunzi wake, Faudhia, akapata sifuri kwa kuchelewa. "Madam, iliandikwa mwisho saa 11:00," alilalamika. "Mimi nimeleta saa kumi jioni. Nimewahi hata." Jukwaa lilimaanisha saa tano asubuhi. Eunike alicheka, akamrudishia alama zake, kisha akaanza kuandika programu-jalizi, yaani kipande cha kuchomeka kwenye jukwaa hilo ili lionyeshe saa kama tunavyozihesabu sisi.

Aliiwasilisha kwa mkaguzi wa jukwaa, anayeamua kipi kiongezwe humo. Ikarudishwa mara tatu kwa maneno yaleyale: saa zako zimekosea. Jukwaa linajiita la watu wote, na halijui saa zetu! Nilitaka kumtukana mtu yule.

"Tulia, Frederick," dada aliniambia. "Kama hajui, tumfundishe."

Januari 2025 figo zake zilishindwa. Akiwa amelazwa Moshi, aliwasilisha mara ya nne, akaeleza: "Kwetu siku inaanza jua likichomoza. Saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga." Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jibu na kabla ya jua.

Ameacha wazazi, mume, watoto wawili, Lucky na Princess, na mimi mdogo wake. Dada, umefundisha vya kutosha. Pumzika.

Asubuhi ya Jumatano niliwasha kompyuta yake kutafuta picha iliyo kwenye ratiba hii. Agnela, mwalimu mwenzake, alikuwa amekaa kando yangu. Jibu la mkaguzi lilikuwa limeingia: "Sasa nimeelewa. Saa zako ni sahihi. Kabla sijaipitisha, kanuni inataka watunzaji wawili: nani mwingine ataitunza?"

Agnela aliivuta kompyuta, na chini ya jina la Eunike, bila kulifuta, akaandika la kwake.