Ndizi ya Hilary

Ka, ka, ka. Viatu vyenye vyuma chini ya soli viligonga sakafu ya feri kabla Desmond, dereva wa lori, hajainua macho kutoka kwenye chai yake. Waliketi meza ya pili: Hilary, mama wa miaka sitini na tano, na Clive, kiongozi wa msafara wao wa baiskeli.

"Tukifika Dieppe, Ufaransa, sishuki. Narudi Newhaven na feri hii hii," alisema Hilary. "Nimechoka, Clive."

"Jamani, bibie! Tangu London tunakungoja juu ya kila kilima."

"Mnaningoja, ndiyo. Nikitokeza tu, 'Haya, twende!' Nyie mmeshakula ndizi, mmepiga picha, mmenyoosha miguu. Mimi napumzika saa ngapi?"

Desmond aliona hesabu hiyo ni nyepesi, hata kwa Clive aliyevaa kaptura ya kubana hivyo.

"Mbona hujawahi kusema?"

"Kwa pumzi ipi?"

Feri iligusa gati, mlango mkubwa ukaanza kushuka. Hilary hakuinuka. Clive alichukua kofia ngumu ya Hilary, akamwekea mapajani.

"Kilima cha kwanza," alisema kwa sauti, wenzao wote wa msafara wasikie, "hakuna atakayegusa baiskeli mpaka wewe umalize ndizi yako. Nakuahidi."