Peres Namalwa na Mita ya Chumba Namba Saba

Bi. Peres Namalwa, msomaji mita wa ofisi yetu ya kusimamia nyumba za kupanga, anastaafu Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, baada ya miaka ishirini na sita kazini. Aliajiriwa mwaka 1999, wakati ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la redio, Luthuli Avenue. Alipewa tochi, kitambulisho na ploti za Riruta. Tochi amebadilisha mara nyingi. Riruta hakuiacha.

Wapangaji walimwita Mama Stima. Akifika langoni mwisho wa mwezi, mtu angepiga kelele kutoka kwenye kamba za nguo: "Mama Stima amekam! Ficheni pasi!" Naye angejibu bila kusimama: "Ficheni tu, lakini pasi nimeshaiona kwa mita." Kila mtu angecheka, hata wale ambao hawakuwa na la kuchekea.

Alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja. Hakusoma mita peke yake. Alibisha mlangoni, akamtoa mwenye chumba, wakasimama pamoja mbele ya ubao wa mita kwenye korido na kusoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja. "Njoo tusome sote, usije ukasema nimekuibia," alizoea kusema. Kwa ajili ya desturi hiyo, malalamiko kutoka ploti zake yalikuwa machache kuliko ya mtu yeyote ofisini, na mwaka 2014 alipewa cheti cha mfanyakazi bora. Alikitundika jikoni, juu ya mtungi wa gesi.

Alipoambiwa kwamba tunaandika wasifu huu, alisema: "Kama hamtaandika habari ya Mama Ivyne, basi msiandike kitu." Kwa hivyo tunaandika.

Mama Ivyne ni Maurine, aliyepanga chumba namba saba katika ploti moja karibu na Naivasha Road. Alikuwa akifua nguo za watu mtaa wa Jamhuri. Bei ya stima ilipoanza kupanda kila mara, wapangaji wote walibana matumizi. Waliacha birika za stima wakarudia jiko la makaa. Simu walichaji kazini. Watoto walifanya homuwaki kwenye korido, chini ya taa ya ploti. Bili za wengi zilipungua kidogo. Ya Maurine ilizidi kupanda.

Aliuza redio, kisha pasi. Mwishowe alibaki na balbu moja, na hiyo nayo aliizima baada ya chakula. Jirani yake wa namba nane, Jackton, mwenye friji, spika mbili kubwa na jiko la stima, alikuwa akimtania mbele ya watu: "Mama Ivyne, kwani unachemsha nini huko ndani? Lami?" Ploti nzima ilicheka. Bili ya Jackton ilikuwa ndogo, naye alijisifu kwamba anajua kutumia stima.

Kila mwisho wa mwezi Maurine alisimama na Peres mbele ya ubao, wakasoma pamoja.

"Lakini nimezima, mama. Haki ya Mungu nimezima."

"Mita haina maneno, Mama Ivyne. Hii hapa, umesoma mwenyewe."

Januari mwaka jana bili ilimshinda, na kwa agizo la ofisi akakatiwa stima kwa wiki mbili, waya ukifunguliwa chumbani mwake. Alikopa, akarudishiwa, na bili iliyofuata ikaja kubwa vilevile. Mwisho wa Februari alifunga godoro, akamchukua Ivyne na kuondoka. Alimwachia ufunguo Lazarus, mwangalizi wa ploti, bila kusema anakokwenda.

Machi Peres alifika kusoma kama kawaida. Namba saba ilikuwa haijapata mpangaji na mlango ulikuwa na kufuli, kwa hivyo alimwita Lazarus asimame naye. Walisoma. Mita ya chumba kitupu ilikuwa imepanda kama mwezi uliopita, na hapo waliposimama ilikuwa bado inazunguka.

Peres alibisha namba nane. Jackton alikuwa anapika. Alimwomba azime jiko, friji na spika. Alipozima, mita ya namba saba ilisimama tuli.

Waya zilikuwa zimepishana. Fundi aliyebadilisha ubao miaka miwili nyuma aliunganisha saba kwa nane na nane kwa saba. Maurine alikuwa akilipia friji ya Jackton, na Jackton akilipia balbu ya Maurine. Kila Maurine alipozima kitu, bili iliyoshuka ilikuwa ya Jackton. Fundi mwingine alirekebisha kabla ya chai ya saa nne.

Jackton aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Mimi sikujua, mama," alisema. "Lakini si nilimcheka?" Spika zake hazikusikika tena pale plotini.

Ofisi ilikubali kurudisha pesa za Maurine. Hazijachukuliwa. Simu yake haipatikani. Peres alimuulizia Jamhuri alikokuwa akifua, akamuulizia kanisani Dagoretti Corner, akatumia likizo yake ya mwaka huo kwenda hadi Butere, ambako mtu alisema Maurine ana shangazi. Shangazi alikuwepo. Alisema mara ya mwisho Maurine alipiga simu akilia kwamba ameshindwa na maisha ya Nairobi kwa sababu hajui kubana.

Tangu hapo Peres hakusoma mita yoyote kabla ya kumwambia mwenye chumba, "Zima zote kwanza." Kazi ilichukua muda mara mbili. Alipata ploti nyingine mbili zenye waya zilizopishana, zikarekebishwa. Hilo ni jambo kubwa na tunalisifu. Yeye hakulisifu. Katika ploti ambazo waya zake zilikuwa sawa aliona watu wakizima vilevile na bili zikipanda vilevile. Alirudi ofisini jioni moja, akaweka tochi mezani na kusema, "Sasa angalau kila mtu ana giza lake mwenyewe."

Nafasi yake haitajazwa. Mita mpya zinatuma namba zenyewe hadi kwenye kompyuta ya ofisi, na hakuna atakayebisha mlango.

Peres anarudi Kimilili. Nguzo za stima zimepita mbele ya boma lake, lakini amekataa kuunganishiwa.

Mama Peres, asante kwa miaka yote hiyo ya kuwasimamisha wapangaji mbele ya mita na kusoma nao. Uwe na afya, mvua ya kutosha na usingizi mzuri. Na siku utakapompata Mama Ivyne, mwambie tunajua sasa. Alikuwa amezima.