Mpiga Pasi Aliyeushika Mshahara Wake

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa fundi viatu na muuza maziwa. Alizaliwa mdogo mno, mkunga akashauri asipewe jina kwanza. Akapewa, akaishi, na ukaidi wake ukaanzia hapo.

Alianza shule mwaka 1976 na kumaliza darasa la saba mwaka 1982, akiwa wa kwanza kwa hesabu. Baba alikuwa na ada ya mtoto mmoja tu. Akaipata kaka yetu, ambaye utoro ulimtoa shule kidato cha pili. Marehemu hakulalamika, na hadi utu uzima ndiye aliyekuwa akimsaidia kaka kujumlisha.

Februari 1987 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hoteli, upande wa pasi, akasimama pale miaka thelathini na minne. Shati moja dakika tatu, kola kwanza. Wenzake walimwita Mama Pasi. Siku moja alikuta noti mfukoni mwa suruali ya mgeni. Akazipiga pasi nazo, akamrudishia zimenyooka. Mgeni alicheka hadi machozi, ila bakshishi hakutoa.

Tarehe 8 Septemba 1990 alifunga ndoa na fundi saa. Tangu mwezi huo, kila siku ya mshahara shemeji alimsubiri getini, akapokea bahasha nzima na kumpa nauli. Ilikuwa hivyo miaka kumi na tisa. Sisi nduguze tulijua, tukasema huyo ndiye mke mwenye adabu.

Mwaka 2009 binti yake wa pekee alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya mtihani. Marehemu alikwisha kumwomba mumewe faraghani mara tatu. Ya nne akamwomba mbele ya wageni.

"Mpiga pasi ukimpa pesa ataziunguza," shemeji akasema. Wageni wakaangua kicheko, na mdogo wa marehemu anayewasomea maneno haya alikuwa miongoni mwao.

Kesho yake marehemu alipiga moyo konde, akafungua akaunti kwa jina lake na kumwambia karani wa mishahara apitishie huko. Ada ya binti alikopeshwa na wenzake wa chumba cha kufulia. Mwisho wa mwezi shemeji alisubiri mpaka mlinzi akafunga geti. Jioni hiyo alizitupa nguo za mkewe uani, akazikanyaga moja moja. Marehemu alimpigia kelele, kwa mara ya kwanza. Ukoo ukaitisha kikao, tukamtaka aombe radhi.

"Kwa kupaza sauti, naomba radhi," akasema. "Kwa akaunti, siombi."

Alirudi nyumbani. Mumewe alikula chakula chake miaka miwili bila kumsemesha. Akitaka chumvi, alimtuma mtoto. Mshahara ulikuwa kiduchu, naye akaukata kwa mafungu: kodi, chakula, shule, na fungu la kumi, akiba yake, lisiloguswa hata nyumba ikiungua. Kazini alikwenda kwa miguu. Tulipokwenda kukopa alitunywesha chai, tukaondoka mikono mitupu tukimwita mkono wa birika. Mwaka 2014 binti alihitimu chuo cha ualimu bila deni.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2021. Alijitibia kwa fungu lake mwenyewe. Hakumwomba ndugu yeyote, na hakuna ndugu aliyejitolea. Tarehe 3 Juni 2023 alipoteza fahamu. Tarehe 5, saa nane mchana, shemeji aliingia wodini na fomu ya kutoa pesa na kidau cha wino, akaushika mkono wa mkewe na kukigandamiza kidole gumba kwenye karatasi. Muuguzi alimkuta akiipuliza ikauke.

"Mzee, unafanya nini?"

"Mambo ya mume na mke."

Benki, karani wa dirishani aliitazama fomu, akamrudishia. "Huyu mama anajua kuandika. Siku zote anatia sahihi."

Marehemu alifariki kesho yake, tarehe 6 Juni, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka hamsini na mitano. Shemeji ameomba aya hizi zisisomwe. Binti ameomba zisomwe.

Mdogo wa marehemu ndiye aliyemwosha. Alikisugua kile kidole kwa sabuni, kwa ndimu, hata kwa mafuta ya taa. Wino haukutoka. Anazikwa nao.

Ameacha mume, binti mmoja mwalimu, ambaye jina lake peke yake ndilo lililo kwenye fomu ya mrithi kule benki, wajukuu wawili, kaka mmoja na mdogo wake mmoja. Mungu ampe pumziko alilolikosa kwetu.