Bi. Tsurumi Aliyekataa Kufuta Kovu

Baada ya miaka thelathini na tisa ya utumishi, Bi. Tsurumi Kikue, mpiga picha mkuu wa Studio ya Wakamiya hapa Kurayoshi, anastaafu tarehe 31 Machi. Mimi, Nosaka wa mapokezi, nimepewa heshima ya kuandika haya, na kwa furaha niliyo nayo kalamu inanikimbia!

Alianza katika chumba cha giza cha kusafishia picha, akiwa na miaka ishirini na sita. Siku ile ya kwanza, marehemu mzee Wakamiya alimwandikia ukutani neno *shashin*, yaani picha, ambalo kila mtoto hapa hulitamka bila kufikiri. Huandikwa kwa alama mbili: ya kwanza ni kunakili, ya pili ni kweli. Lilitoka China zamani, na wachoraji walilitumia kwa sura iliyochorwa ikafanana na mwenyewe. Kamera ilipokuja, ikalirithi. Sisi wengine tulipofundishwa hayo tuliitikia "ndiyo, mzee" tukarudi kwenye chai. Bi. Tsurumi aliyatia moyoni.

Hakuna aliyemshinda kwa watoto. Huwauliza, "Moja ukijumlisha moja?" nao hupiga kelele, "*Ni!*" yaani mbili, na midomo inatanuka yenyewe. Siku moja kitoto kimoja kikajibu "Tatu!" Akapiga hivyo hivyo. Picha ile ya mdomo wazi ilikaa dirishani mwaka mzima, na wateja wakaja kuiulizia.

Lakini kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mwaka 1993. Mama Adachi, mwenye duka la tofu, vile vipande vyeupe vya maziwa ya soya, alimleta mwanawe Kenzo apigwe picha ya kumpelekea mshenga amtafutie mchumba. Kenzo alikuwa na kovu shavuni. Mafuta ya kukaangia tofu yalimrukia.

"Lifute," mama akaamuru. "Nani atakubali kuolewa na shavu kama hilo?"

"Mama, leo nitalifuta kwa brashi," Bi. Tsurumi akajibu. "Siku watakapoonana, nitalifuta na nini?"

Mama Adachi akachukua mkoba wake, akatoka akiapa kwamba ukoo wake hautakanyaga tena pale. Mzee Wakamiya akawa mwekundu kama pilipili. "Tsurumi, mteja huyu asiporudi, na wewe usirudi!"

Kenzo alikuwa bado ameketi chini ya taa. Alijipapasa shavu, kisha akasema taratibu, "Piga tu, dada. Nimechoka kugeuza uso."

Picha ikapigwa pamoja na kovu, na Kenzo mwenyewe akaipeleka kwa mshenga. Kwa majuma kadhaa Bi. Tsurumi alifanya kazi bila kuimba. Ndipo alasiri moja mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia Mama Adachi na furushi la tofu la moto. Msichana aliyeletewa picha, Motoko, mpishi wa shule, alikuwa amelitazama kovu akasema, "Hili ni la mafuta ya moto. Huyu si mvivu. Mleteni nimwone." Walikuwa wameonana, wakapendana, na harusi ilikuwa inapangwa!

Tulipiga makofi mpaka wapita njia wakachungulia. Mzee Wakamiya alimwinamia Bi. Tsurumi mbele yetu sote, jambo ambalo hatukuwa tumewahi kuliona. Mama Adachi akaagiza picha za harusi palepale. "Mwanangu mpige alivyo," akasema, kisha akanong'ona, "ila mimi, binti yangu, nifutie makunyanzi."

Hakuyafuta. Alisogeza taa kidogo, akamchekesha, na makunyanzi yakapendeza.

Tangu hapo amefundisha wapiga picha kumi na wawili, amepokea tuzo ya mkoa mara mbili, na ameingia katika enzi ya kamera za kidijitali akinung'unika siku tatu tu. Wateja wanaotaka macho makubwa na kidevu chembamba bado huwajibu kwa kicheko, nao bado hurudi.

Mumewe, Bw. Tsurumi, hulalamika kwamba mkewe amepiga picha mji mzima ila yeye. Sasa Bi. Tsurumi hana kisingizio: Aprili wanapanda treni kwenda Hokkaido, kule kaskazini, na kamera ni moja, na wa kupigwa ni mmoja.

Bi. Tsurumi, asante kwa kututazama vizuri kuliko tulivyojitazama. Nenda salama, upumzike, ucheke sana. Na Bw. Tsurumi, chana nywele!