Mitungi Inayosomewa

Vita vya Majimaji vilipofunga njia za kusini, majahazi ya kununua boriti hayakuja tena Nyamisati. Rundo la mikoko lililokuwa likingoja wanunuzi likageuka kijiwe, na watu watatu wakalikalia kutwa. Mfaume Nimeona, ambaye hakuna jambo lililotokea asilione. Huseni Fatwa, mtoa hukumu kabla ya kesi. Na Shaabani Mguu Njiani, aliyekuwa akiaga tangu masika na hajapata kuondoka. Kahawa aliwapikia Mwanawetu, mwanamke kijana mwenye ulimi wa wembe, ila asubuhi ile ulimi ulikuwa mzito. Alfajiri askari wa Mdachi walipita kuelekea kisimani, na mdogo wake Abbasi, mwanafunzi wa shule ya misheni, alikuwa huko huko na wenzake. Jua lilishapanda. Hawajarudi.

— Nimeona, alianza Mfaume. Watoto wa mwalimu Elia wa misheni hawachoti maji hivi hivi. Wanaizunguka mitungi, wanafumba macho, wananong'ona. Ndipo wanajitwika na kuwapelekea vikongwe na wagonjwa.

— Kila siku? aliuliza Shaabani.

— Kila siku ya Mungu. Shule yao haianzi na ubao, inaanza na mtungi.

— Wanasali, alisema Mwanawetu. Mwalimu wao huwaambia sala isiyobeba mzigo haijafika popote.

— Dada yangu, alisema Huseni, maji yakishasomewa yanaitwaje?

 Nani pale hakuwahi kunywa kombe akiwa na homa, aya iliyoandikwa sahanini kwa zafarani, ikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa?

— Kombe, Huseni alijijibu. Basi lile ni kombe la Kinasara. Kikongwe Bi Biasha analinywa tangu mwezi uandame. Ataamka siku moja anadai kengele ya kanisa.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Shaabani. Ndiyo maana mimi vibaba sivipendi.

— Kombe gani, alisema Mfaume. Mmesahau tuko wakati gani? Kule Ngarambe watu wanagawiwa maji ya dawa, ati risasi ya Mdachi iyeyuke. Na huku maji yanagawiwa nyumba kwa nyumba. Watoto wale ni wa Ngarambe, wamevishwa kanzu za misheni tu.

— Mwalimu wao si rafiki wa Wazungu? aliuliza Mwanawetu.

— Ndio ujanja wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zao nyeupe.

— Hapana, alisema Huseni. Mdachi ndiye anayeyatuma. Ukiyanywa, risasi inakutafuta hata ujifiche mikokoni.

Shaabani alichukua bakora yake akasimama.

— Nakwenda kwa akida. Nitamwambia kuna watoto wanagawa maji. Mvumilivu hula mbivu, kwa hiyo sina muda wa kupoteza.

Walizoea kumcheka akisema anakwenda. Safari hii alikuwa amevaa makubazi.

— Kaa chini, kaka Shaabani, alisema Mwanawetu.

— Leo siketi.

— Yule mkulima wa Mtawanya, askari walimkuta na kibuyu kiunoni. Hakuulizwa mna nini ndani. Unajua alipo?

Shaabani alitazama makubazi yake.

— Najua walipomnyonga.

— Basi ukimfikia akida, umemfikishia na Abbasi kamba. Mimi na mdogo wangu tunagombana kila jioni kwa hiyo dini yake, anaufumbia macho uji mpaka unapoa. Lakini mtungi wake nauona unakokwenda. Ninyi watatu mna mabega sita. Nani amewahi kumpelekea Bi Biasha hata kata moja ya maji?

— Sisi wakata boriti, alisema Huseni. Si wachota maji.

— Na boriti zenyewe mmezikalia. Haya, hicho kikombe ulichoshika, unadhani nimekipikia maji ya chumvi? Abbasi na wenzake hunijazia mtungi kila asubuhi. Siku zote hizi mnakunywa yaliyosomewa.

Mfaume alikitazama kikombe chake kama kitamsemesha. Kilikuwa kimebaki funda moja. Akalinywa.

Ndipo akatokea Bi Biasha mwenyewe, mjane wa goti lililovimba, akiburuta mtungi mtupu na kupapasa ukuta kwa mkono mwingine.

— Watoto wangu hawajapita. Kuna nini?

— Bibi, tunawakataza, alisema Huseni kwa upole. Maji yao yana mambo.

— Sawa, baba. Na kesho ataniletea nani?

Mfaume, kwa mara ya kwanza, hakuwa ameona kitu. Huseni alivuta tasbihi. Shaabani akaketi, bakora juu ya magoti, asimtazame mtu.

— Mwanawetu, ongeza kahawa, alisema Huseni.

Aliinamisha buli. Likatoa machicha.

— Imekwisha.

— Pika nyingine basi.

— Kwa maji gani?

Wote wakageuka kuitazama njia ya kisimani. Haikuwa na mtu.