Siku ya Tisa ya Kuulizana

Redio ya basi ilikuwa inatangaza bunge, siku ya tisa ya kujadili kama jeshi liende vitani. Mama mmoja, fundi cherehani, tepu ya kupimia bado iko shingoni, akaguna. "Wanapiga domo tu, na mwanangu yuko kambini, begi ameshalifunga."

Mzee aliyekaa naye, mwenye mguu wa bandia, akacheka. "Vita vyangu hakuna aliyevipigia domo, mama. Asubuhi tulipakiwa kwenye lori. Nikamuuliza kapteni, tukishinda tutajuaje? Akaniambia nichimbe handaki."

"Mkashinda?"

"Nilichimba kumi na moja."

Mimi nyuma yao nilijifanya nasoma tiketi, ambayo ina maneno matatu.

"Wewe hukati kitambaa kabla mteja hajasema anataka nini," mzee akaendelea. "Basi waache wabunge waulize. Mimi nawashukuru wote, hata wanaosinzia."

"Lakini adui naye anasikia, mzee wangu."

"Asikie. Na mama yake asikie."

Basi likasimama. Fundi akashuka akitikisa kichwa, hajakubali, kisha akarudi dirishani. "Kesho wanaendelea?"

"Wanaendelea."

"Mungu awape pumzi."