Kaka Yangu Milimita na Bamba la Kushoto

Ndugu, majirani, mafundi wenzetu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza kaka yangu, mimi ni mdogo wake anayemfuata, mpiga rangi wa magari, na familia imenituma nisimame hapa niyasome maisha yake. Karatasi hii iliandikwa jana na mjomba wetu, mkubwa wa ukoo, nami nimeongeza maneno yangu pembeni kwa penseli, mjomba atanisamehe, au asinisamehe, lakini nitayasoma.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Milimita hata mkasahau jina lake, alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba aliyekuwa akiziba masufuria na ndoo zilizotoboka, na mama aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na kaka yangu alianza kuvukuta kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, akimshikia baba koleo na kumuuliza kwa nini tundu hili limezibwa kwa bati kubwa kuliko lile, mpaka baba akamfukuza akacheze na wenzake.

Elimu ya msingi aliipata kuanzia Januari 1965 hadi Novemba 1971, katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, kisha akajiunga na shule ya ufundi mwaka 1972, akahitimu tarehe 28 Novemba 1975 kwa cheti cha kuchomelea vyuma, akiwa wa pili darasani, na hadi anafumba macho alidai kwamba yule wa kwanza alipewa nafasi ile kwa sababu mwalimu hakuwa na rula.

Tarehe 5 Januari 1976 aliajiriwa katika karakana ya mabehewa, akafanya kazi ya chasisi za mabehewa ya mizigo kwa miaka kumi na sita, hadi karakana ilipofungwa tarehe 31 Desemba 1991, na tarehe 2 Machi 1992 akafungua karakana yake mwenyewe, ile yenye mlango wa bati na mashimo mawili ya kuingilia chini ya magari, akanichukua mimi nipige rangi. Hapo naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ninalolisema sasa halimo kwenye karatasi ya mjomba.

Kaka alikuwa na utaratibu wake. Kila bamba la chuma alilotaka kulichomelea kwenye gari alilikatia kwanza kiolezo cha boksi, akaandika juu yake kwa kalamu ya wino mahali litakapokaa, akakitundika msumarini, na bamba likishachomelewa pande zote, si kushikizwa kwa pointi tu, alikichana kile kiolezo vipande viwili na kuvitia kwenye ndoo iliyokaa mlangoni kwangu. Mimi sikuruhusiwa kugusa rangi kabla sijavihesabu vipande vile na kulinganisha na hesabu aliyoiandika ukutani kwa chaki, maana rangi ikishapita juu ya chuma, alisema, hata mama mzazi wa chuma hicho hawezi kujua kina nini chini yake.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Julai 1983, na shemeji yangu mpendwa, mshona nguo, ambaye alimshonea koti la arusi mwenyewe, na kaka akagundua katikati ya kiapo kwamba mkono mmoja umezidi mwenzake, akakunja kiwiko hadi sherehe ikaisha ili asimwaibishe bibi arusi. Walijaliwa mabinti wawili, wa kwanza alizaliwa tarehe 21 Mei 1985, naye ni mpishi wa shule, wa pili alizaliwa tarehe 3 Desemba 1990, naye ni mwalimu, na mjukuu mmoja, huyu aliyeshika picha ya babu yake hapo mbele.

Sasa nifike kwenye gari.

Tarehe 8 Septemba 2014 daktari mmoja wa meno alituletea juu ya lori gari la spoti la kizamani, la viti viwili, alilolikuta bandani limefunikwa na magunia, zuri kwa juu kama mgonjwa aliyepakwa poda, na chini limeoza, ukibonyeza chasisi kwa kidole gumba kinaingia. Kaka alilizunguka kutwa nzima bila kula, akasema chuma hiki kimeachwa na watu, hakijafa. Alifanya kazi ile kwa miezi ishirini na mmoja, akakata kilichooza na kubakiza kilicho kizima, akaiunda upya ekzosi, njia ya kutolea moshi, kwa mikono yake, mabomba mawili yanayokutana chini ya kiti na kuingia kwenye sailensa ya kupunguza mlio aliyoijaza nyuzi za chuma yeye mwenyewe, na sauti yake ilikuwa nzito ya chini, kisha dereva akiachia pedali ya mafuta ilikohoa mara mbili, kavu, mara mbili kila wakati, na kaka akisikia hivyo alicheka peke yake.

Lakini daktari wa meno alitaka gari likae chini zaidi, karibu na lami, na lilipokaa chini mabomba yakawa yanakwaruza, ndipo kaka akautoboa ule mhimili wa nyuma wa chasisi unaokingama, akapitisha mabomba katikati yake, na ili kuurudishia nguvu akakata mabamba mawili ya milimita nne, la kulia na la kushoto, hapo hapo unapojishikilia mkono wa gurudumu la nyuma, mkono ambao ukiachia gurudumu linang'oka. Violezo vyote vya gari lile vilikuwa thelathini na kimoja. La kulia alilimaliza. Jumamosi tarehe 11 Juni 2016, saa nne asubuhi, alikuwa amelishikiza la kushoto kwa pointi nne, kila moja ukubwa wa kifungo cha shati, ikaja simu kwamba binti yake wa kwanza amejifungua na damu haikatiki, na damu inayomfaa ni ya baba yake. Akavua kinyago, akatoka mbio na aproni yake ya ngozi, na nyuma yake kiolezo kikadondoka nyuma ya kabati la vifaa, wala hakuna aliyekiona.

Jumatatu daktari wa meno alikuja na saa yake mkononi, anataka gari Jumamosi kwa maonyesho, akasimama mgongoni kwangu akipiga mluzi. Nami nikaona ndoo ina vipande. Sikuvihesabu. Nilipuliza praima, rangi ya kwanza ya kushikia, nikapuliza rangi nyeusi chini kote, nikavifunika vile vifungo vinne vya shati kwa rangi nzuri inayong'aa, na Jumanne kaka aliporudi, hajalala siku tatu, mjukuu mzima, binti mzima, furaha imemjaa, alikuta chini kumeshapakwa rangi nyeusi, akaamini nimehesabu, na kwamba basi la kushoto alilimaliza kabla ya simu. Kila mmoja wetu alimtegemea mwenzake, na gari likaondoka tarehe 18 Juni, linakohoa mara mbili kila kona.

Kiolezo tulikiona Jumamosi tarehe 2 Februari 2019, tulipolivuta kabati ili tuzibe tundu la panya. Kilikuwa kizima, kimeandikwa kwa mkono wake, kushoto, nyuma, juu ya bomba. Kaka alikaa chini sakafuni. Nilimwambia huenda ulilichomelea ukasahau kukichana, akanishikisha kile kiolezo, maana katika miaka ishirini na saba hakuwahi kusahau kukichana.

Tangu siku hiyo, ndugu zangu, kaka yangu hakuwa na siku nyingine. Alikwenda kwa daktari wa meno, akaambiwa gari liliuzwa tangu Oktoba 2017 kwa mtu mpita njia, na namba ya simu aliyopewa haikuita tena. Alikwenda kwenye ofisi ya usajili mara kumi na nne, karani akamwuliza, mzee, gari ni lako, akasema si langu, karani akasema basi anayelalamika ni nani. Alisimama kwenye vituo vya mafuta akiinama na kuchungulia chini ya magari ya watu, akafukuzwa, akaitwa mwizi wa ekzosi, akaitwa kichaa, na shemeji yangu alisema kwa utani wake wa uchungu kwamba mumewe ameoa gari la mtu. Binti yake mwalimu alichapisha matangazo mia sita, tukayabandika kila ukuta, mvua ikayabandua. Kinyago cha kuchomelea hakukigusa tena. Alikuwa akiniuliza, siku hata siku, kwa sauti ya kawaida kabisa, unadhani limefika kilomita ngapi, na mimi nilimwambia labda limeegeshwa, labda limeharibika injini, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nililiombea gari lililopita mikononi mwangu lisiwake.

Na katika miaka ile yote mitatu na nusu, kila alipoulizwa, alijibu kwamba ni yeye ambaye hakumaliza kazi yake, yeye ndiye aliyeacha bamba. Hakusema hata mara moja kwamba mdogo wake hakuhesabu. Shemeji, unalisikia leo kwa mara ya kwanza. Binti zangu, ninyi pia. Kosa lilikuwa letu wawili, yeye akalibeba peke yake, na mimi nikamwacha alibebe, kwa sababu nilikuwa naogopa, na ninaona haya mbele yenu kiasi nisichoweza kueleza.

Marehemu alianza kukohoa mwezi Juni 2020, madaktari wakagundua mapafu yake yameharibiwa na moshi wa kuchomelea, akatibiwa nyumbani, hali ikawa inapanda na kushuka, akalazwa tarehe 30 Agosti 2022, wodi ya ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Jumapili tarehe 18 Septemba, mchana, saa ya kuona wagonjwa, mimi nikiwa nimekwenda kumchukulia maji, kaka alisikia chini barabarani mngurumo mzito, kisha kikohozi mara mbili. Muuguzi aliyekuwapo alinieleza kwamba mzee ambaye asubuhi alishindwa kuinua kijiko alisimama, akachomoa dripu mkononi, akasema lile ni langu, akashuka ngazi, na kwenye ngazi ya saba akaanguka. Nyonga ilivunjika. Hakuinuka tena. Alifariki Jumanne tarehe 27 Septemba 2022, saa tisa na robo alasiri, akiwa na miaka sitini na minne, miezi sita na siku kumi na tatu, na maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa swali, kama limeegeshwa.

Mjomba aliniambia jana kwamba historia ya marehemu si tangazo la barabarani, na kwamba tukilitaja hili tutaitiwa polisi na jina la ukoo litachafuka. Mjomba, nakuheshimu, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo kitakachotuumbua si cha kwetu, ni cha watu tusiowajua wanaokwenda zao wakicheka.

Kwa hiyo nashukuru kama ilivyo ada, lakini shukrani zangu zina ombi ndani yake. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya ghorofa ya pili kwa kumhudumia kaka yetu bila kuchoka, na hasa wewe muuguzi uliyekimbilia dirishani ukaliona, ukaniambia gari ni jeupe, ingawa mimi nililipaka kijani, na dereva ni mwanamke aliyemteremsha mama mzee mwenye fimbo getini. Alikuja kumwona mgonjwa. Mgonjwa huyo yumo kwenye daftari lenu, nawaomba mniulizie kitanda kwa kitanda. Tunawashukuru majirani kwa viti, kwa chai, kwa kukaa na shemeji, na tunaomba mkirudi majumbani mtege masikio. Tunawashukuru mafundi wenzetu, waliofunga karakana zao leo, na nawasihi, likiletwa kwenu hata kwa pancha tu, msilirudishe barabarani, ondoeni betri, mfungieni mwenyewe nje, mniite, matusi atakayotukana nitayapokea mimi.

Mwisho wa karatasi mjomba ameandika nimtakie marehemu pumziko la amani, nikae. Nitakaa, lakini kwanza, kama yupo mtu hapa, hata mmoja, aliyewahi kuliona gari hilo likiingia geti fulani, aje anishike mkono sasa hivi, hata kama jeneza limeshaanza kushuka, nitawaomba wanaoshika kamba wasubiri, nimwinamie nimwambie. Na kama hayupo, kaka, basi wewe pumzika hivyo hivyo kwa amani, chini ya gari lile nitaingia mimi.